Kitako Kilichotiwa Maji

Haya nitakayoyaandika ni kweli tupu, kuanzia herufi ya kwanza mpaka nukta ya mwisho. Kama nimeongeza chumvi hata ya kubana kwa vidole viwili, basi upepo uezue mabati ya nyumba yangu kule Somanda siku nitakayorudi, na mimi nikiwa ndani. Najua wapo watakaocheka. Ni wale wale walioniita mwongo nilipowasimulia kwamba mwaka wa mvua kubwa kambale alipanda kutoka mtoni, akafika barabara ya lami, akasubiri lori la pamba lipite ndipo akavuka. Nilimwona kwa macho yangu. Lakini leo siandiki habari za kambale. Naandika kwa sababu nina watu wa kuwashukuru, na shukrani yangu ya mdomo hawaiamini tena.

Jina langu Dastan Malimi. Kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mkaguzi wa pamba kwenye vituo vya kununulia, leo Nkololo, kesho Sola, msimu mwingine Mwamanyili. Mkulima akileta mzigo wake, natumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, nachota, navuta nyuzi, nanusa, halafu natamka neno moja: safi, au fifi. Safi ilikuwa na bei yake na fifi, ile hafifu, ilikuwa na bei yake, na katikati ya bei hizo mbili ilikaa sare ya shule ya mtoto wa mtu. Kwa hiyo watu walijaribu kila ujanja. Walinyunyizia pamba maji usiku ili iwe nzito. Walitia mchanga. Bibi mmoja wa Sola alizika ndani ya mzigo wake jiwe zima la kusagia, na nilipolitoa akaniuliza kwa upole kama nimeliona pia lile dogo lake. Tangu hapo nilijua jambo moja kuliko yote: kitu kikiwa kizito kuliko sura yake, kuna mtu anakuibia.

Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifundisha mwenyewe, redio, saa za ukutani, meno ya ng'ombe, na Kihispania kidogo. Hicho Kihispania nilikipata, kama nilivyowaeleza watu mara nyingi pale kwa mama ntilie, kutoka kwa mwindaji mmoja wa kizungu niliyemsindikiza kwenye pori la akiba la Maswa. Kitako cha bunduki yake kilivunjika huku nyati amesimama hatua ishirini mbele yetu. Nikakata tawi la mpingo, nikamchongea kitako kipya kwa kisu cha kukatia mkate, na nyati alikuwa bado hajaamua aanze na nani. Mzungu akalia machozi. Nyati naye, nadhani, aliguswa.

Aliyeipenda hadithi hiyo kuliko wote ni Masalu, mkulima wa Nkololo, mtu wa makamo, mpole, mwenye mabega mapana kama mlango wa ghala. Kila akija mjini aliniomba niirudie. Sasa asubuhi moja ya mwezi wa saba mwaka huu, pamba ikiwa imepasuka shambani, namwona anashuka kwenye pikipiki mlangoni kwangu.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Ila si mhola sana. Bunduki ya marehemu baba imekanyagwa na mkokoteni."

Nikamkaribisha kiti. Bunduki hiyo naijua, ni raifo ya zamani ambayo baba yake aliimiliki kihalali, na mzee alipofariki Masalu akazunguka ofisi moja baada ya nyingine kwa miezi kadhaa mpaka akapata kibali kwa jina lake. Fisi wakizunguka zizi, majirani humwita Masalu. Tembo wakiingia kwenye mahindi, Masalu hupiga moja juu hewani, nao wakaondoka bila mtu kuumia wala mnyama kuumia. Sasa kitako, ile mbao ya nyuma inayoegemea bega, kilikuwa kimepasuka vipande viwili.

"Nilikifunga kwa mpira wa baiskeli," Masalu akasema. "Afande wa silaha kituoni akaniambia, Masalu, hii si bunduki, hii ni mgonjwa. Ijumaa kuna ukaguzi. Kama haina kitako imara inaingia ghala la silaha, na kibali changu hakihuishwi. Ikiingia mle, baba, mimi sitaiona tena. Fundi Hemed anavyo vitako viwili. Kimoja laki moja na ishirini, kingine laki tatu na themanini. Nimeuza dume moja, hela ninayo. Lakini sijui tofauti yake ni nini. Twende ukanitazamie."

Msomaji wa mbali aelewe. Kwetu hakuna mtu anayenunua ng'ombe mnadani peke yake. Unakwenda na mtu wa kukutazamia, anayefungua mdomo wa ng'ombe, anayembonyeza mbavu, na neno lake likishatoka, unalishika. Kuombwa kazi hiyo ni heshima. Mtu mwenye akili angesema, mwanangu, mimi ni wa pamba, tafuta mwingine. Mimi nilisema, "Ngoja nichukue kofia."

Fundi Hemed ni mtu wa Tanga, alistaafu jeshini kwenye karakana ya silaha, akaoa huku, akabaki. Ana leseni ya ufundi imetundikwa ukutani ndani ya fremu ya kioo, na karakana yake ni safi kuliko jiko la watu wengi. Alitupokea kwa adabu ya kwao.

"Karibuni, wazee wangu. Shikamoo, Mzee Dastan. Habari zako nimezisikia hata za Mhispania."

"Marahaba. Ulizosikia ni chache."

Akatandika gunia mezani, akaweka vitako vyote viwili. Cha kwanza kilikuwa cha rangi moja, kahawia iliyoiva, kinang'aa mpaka unaona meno yako. Cha pili kilikuwa cha mninga, hakina mng'ao, kimepakwa mafuta tu, na kina michirizi myeusi inayokwenda kama moshi kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Mimi muuzaji," Hemed akasema. "Nikikwambia chukua hiki, utasema Hemed anataka kupaua nyumba yake. Tazameni wenyewe. Ila kwa ukweli wa Mungu, hiki cha bei ndogo mimi humuuzia mtu wa kutundika bunduki ukutani. Si cha kupigia. Na mkitazama, anzeni na shingo, hapa pembamba."

Nikamkonyeza Masalu. "Unaona? Anasukuma cha ghali."

Basi nikaanza kazi. Nikakunja shati mpaka kwenye kiwiko, maana mkono wangu haujui kukagua ukiwa umevaa. Nikashika cha ghali. Kilikuwa kizito! Kizito kuliko sura yake, na hapo tu miaka thelathini na mmoja ikanipigia kelele masikioni. Nikakinusa. Kikanuka mafuta. Nikakilamba.

"Mzee, hicho kimepakwa mafuta ya kitani," Hemed akasema.

"Tulia, fundi. Kazi haipigiwi kelele." Nikaigeuza ile michirizi kwenye mwanga. Pamba ikiwa na doa, hata doa moja la kahawia, ni fifi, hakuna mjadala. Na hiki kilikuwa na madoa mwili mzima. Nikakiweka chini. Nikachukua cha bei ndogo. Chepesi kama robota la ndoto. Rangi moja, hakina doa hata moja, kisafi kama pamba ya asubuhi. Mpira wa mwisho, ule unaokaa begani, ulikuwa mgumu kama kwato, nikasema, "Huu hautaisha haraka." Mpira wa kile kingine ulibonyea chini ya kidole, nikasema, "Huu umeshachoka."

"Sasa?" Masalu akauliza.

"Masalu, mwanangu. Hiki cha laki tatu kimetiwa maji. Unanunua maji. Hiki kingine ni safi, daraja la kwanza."

Hemed alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mzee Dastan, samahani. Wewe umewahi kuchonga kitako?"

"Vingi sana."

"Na mistari ya mti pale shingoni, umeionaje?"

"Nimeiona."

"Inakwendaje?"

"Inakwenda vizuri."

Masalu alinitazama usoni, mimi, mtu wa kumtazamia, kisha akatoa laki moja na ishirini. Hemed akasema atakifunga jioni ile, na kwamba kanuni yake ni moja: bunduki haitoki mikononi mwake mpaka mwenyewe aipige risasi tatu uwanja wa shabaha, mbele yake.

Alhamisi asubuhi tulikuwa huko, nje ya mji, kwenye tuta la udongo. Masalu akalala kifudifudi juu ya gunia, mimi nyuma yake nikitoa maelekezo ambayo hakuna aliyeyaomba. Risasi ya kwanza ikatoka vizuri. "Si nilisema?" nikamwambia Hemed. Risasi ya pili ikatoka na sauti mbili, moja ya bunduki na moja ya kuni. Kitako kilikatika shingoni, ule mpira mgumu ukampiga Masalu begani kama teke la punda, akabiringika pembeni akiwa amekunja uso.

Nilikimbia. Kwa umri wangu sikujua kama bado naweza. Nikamketisha, nikamfungua shati. Bega lilikuwa limeanza kupanda kama andazi kwenye mafuta. Mkono uliinuka, lakini kidogo tu.

Hemed aliokota kipande akanionyesha palipokatika. Ndani palikuwa peupe, mbao laini ya msonobari iliyopakwa rangi na vanishi juu.

"Tazama mistari ya mti, mzee. Hapa shingoni inakata upande, haifuati urefu. Ni sawa na kumbebesha mtu mzigo kwenye goti lililoteguka. Kile kingine mistari yake inapita shingoni bila kukatika, ndiyo ile uliyoiita madoa. Uzito wake ni mninga wenyewe, unakula teke kabla halijafika begani. Na mpira unaobonyea ndio mpira unaofanya kazi. Tofauti ya bei ndiyo hiyo. Hakuna nyingine."

Mtu mwema angeomba msamaha pale pale. Mimi nilisema huenda risasi zilikuwa kali mno.

Masalu alimuuliza Hemed tu, kwa sauti ndogo, "Fundi, kesho ndiyo Ijumaa?"

"Ndiyo kesho."

"Basi bunduki ya baba imekwenda."

Na hapa ndipo inapoanza shukrani yangu. Hemed angeweza kusema, nilikuonya, lete laki tatu na themanini. Badala yake akasema, "Masalu, leta mbili na sitini. Ile uliyonipa mwanzo tutaihesabu humu. Hiki kilichovunjika ni hasara yangu, kwa sababu nilikuwa na maneno ya kukuzuia nikayasema nusu, kwa kumwogopa mzee wako huyu." Alifanya kazi mchana kutwa bila kula. Kuona fundi mwenye haraka asiyeharakisha ni jambo la kutazama kanisani. Alikuwa anakwangua mninga kidogo, anakalisha chuma, anatoa, anapaka masizi, anakalisha tena, mpaka masizi yakashika kila mahali sawasawa. Saa kumi jioni akaipiga yeye mwenyewe risasi tatu. Kitako hakikutikisika.

Wabeja sana, asante sana, Fundi Hemed. Nakuandikia hapa ili usome ukiwa umevaa miwani.

Ijumaa tulifika ofisini watu wanne. Masalu, mkono ukiwa kwenye kitenge kilichofungwa shingoni. Mke wake Shida, aliyekuja kwa sababu mumewe hawezi kushika pikipiki. Hemed na karatasi zake za kazi. Na mimi, sijui kwa nini. Nadhani nilitaka kuona mambo yakiisha vizuri ili nilale.

Afande Justina, anayeshika daftari la silaha, ni mama mwenye sauti ya taratibu na macho yasiyopepesa. Alisoma namba, akachungulia mtutu, akagonga kitako kwa kifundo cha kidole, akakivuta, akakipinda.

"Hiki sasa ni kitako. Nani alikuchagulia?"

Masalu angeweza kusema Hemed, au kusema ukweli wote. Lakini alinitazama nimesimama pembeni na kofia mkononi, akanihurumia. "Mzee wangu huyu," akasema. "Ndiye mtu wangu wa kunitazamia."

Heshima hiyo sikuistahili. Ningeitikia kwa kichwa tu, habari ingeishia hapo. Lakini mdomo wangu ni mbuzi, ukiona majani hauulizi ni ya nani.

"Afande, mambo ya vitako mimi si mgeni. Nimechonga. Kile cha Mhispania wa nyati ndicho kilichojulikana, lakini jumla ni kama kumi na saba hivi."

Afande Justina akaweka kalamu chini. Akafungua droo, akatoa karatasi mpya isiyo na neno, akaichukua kalamu tena.

"Kumi na saba. Vya bunduki za watu?"

"Za watu, ndiyo."

"Leseni yako ya ufundi wa silaha namba ngapi?"

Nikaigeuza kofia yangu mkononi.

"Maana kutengeneza silaha za watu bila leseni, mzee, si hadithi, ni maelezo ya kuandikwa. Jina kamili? Na hii bunduki," akaivuta upande wake wa meza, "kama na yenyewe imepita mikononi mwa mtu asiye na leseni, naiweka ghalani kwanza mpaka nijue nani kafanya nini."

Masalu akainuka nusu kwenye kiti. Uso wake ulikuwa ule ule wa jana uwanjani alipouliza kama kesho ndiyo Ijumaa. Shida akamshika mkono ule mzima.

Nimeishi miaka sitini na nane, na naapa kwamba sijawahi kuona mlango mwembamba kama ule. Upande huu ni mhalifu mwenye vitako kumi na saba. Upande ule ni mwongo asiye na hata kimoja. Na katikati, juu ya meza, bunduki ya marehemu.

"Afande," nikasema, "sijachonga."

"Vingapi hujachonga?"

"Vyote."

"Na cha Mhispania?"

"Mhispania hakuwepo. Kulikuwa na mpima barabara, Mzungu, sijui hata wa nchi gani. Aliniuliza njia ya kwenda Maswa, nikamwonyesha. Alisema asante kwa Kiswahili."

"Na nyati?"

"Nyati nilimwona kupitia dirisha la basi. Alikuwa amelala."

Hemed aligeukia ukutani, mabega yanatikisika. Mimi nikaendelea, kwa sababu ukishalegeza fundo, gunia lote humwagika. Nikasema kwamba maisha yangu yote nimechonga mwiko mmoja tu, na ulipinda. Kwamba kitako hiki hakikuchaguliwa na mimi, mimi nilichagua kilichovunjika, kwa sababu kilikuwa chepesi na hakina doa, na kwamba bega la Masalu ni kazi yangu. Kwamba aliyeigusa bunduki ni Fundi Hemed peke yake, mwenye leseni, na karatasi zake hizo hapo.

Afande akazisoma karatasi za Hemed moja moja. Alichukua muda mrefu kuliko ule wa nyati wangu wa uongo. Kisha akaichukua ile karatasi nyeupe, akairudisha droo­ni, akagonga muhuri kwenye kibali cha Masalu na kumsukumia bunduki yake.

"Chukua mali ya baba yako. Na wewe mzee, nakushukuru. Watu wengi hapa huniongopea mpaka mwisho."

Masalu aliipokea kwa mkono mmoja, akaiegemeza kifuani kama mtu anayempokea mtoto mchanga. Machozi yalimtoka. Mimi nikatazama dari.

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, nilimwambia, "Masalu, nisamehe." Akasema ameshasamehe tangu jana, na kwamba hata hivyo hadithi ya nyati ilikuwa nzuri. Wabeja, Masalu. Sina neno kubwa zaidi ya hilo katika lugha zote mbili ninazozijua, na ile ya tatu, kama mlivyosikia, siijui.

Lakini Shida alikuwa bado hajasema.

"Baba," akaniambia, kwa heshima kamili, goti limekunjwa kidogo, "mume wangu amesamehe, nami nimefurahi. Ila bega lile ndilo linalobeba pamba yetu. Ekari tatu zimepasuka, ziko nje, na mganga kasema wiki mbili asinyanyue kitu. Kiti cha nyuma cha pikipiki kina nafasi."

"Shida, mwanangu, mimi mgongo..."

"Mgongo tutaukanda jioni kwa maji ya moto. Panda."

Kwa hiyo haya nayaandikia Nkololo. Hii ni siku ya nne. Nachuma pamba, mimi niliyekaa miaka thelathini na mmoja upande wa pili wa mizani, nikiwarudisha watu na mizigo yao. Sikujua kwamba ganda la pamba linachoma hivi chini ya kucha. Wale wote niliowaambia fifi bila kuinua macho, nawaombea heri. Mchana Shida ananiletea michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga kwenye sahani yenye mfuniko, mimi kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote, na jioni kweli ananikanda mgongo kama alivyoahidi. Masalu anakaa kando ya shamba, hana la kufanya, ananiomba nimsimulie kitu. Jana fisi walilia upande wa zizi. Masalu alitoka na bunduki, akasimama tu mlangoni, nao wakanyamaza. Sikuongeza kitu hapo.

Leo adhuhuri Shida alikuja kukagua. Nikamwambia nimemaliza mistari mitano. Akaondoka kuitembelea mmoja baada ya mwingine, taratibu, mikono nyuma, akarudi.

"Baba, nimeona mitatu."

Nikavaa kofia, nikaufuata ule wa nne.